Uliza Bei Kabla ya Kuweka PIN

Tuseme umeona blenda ya shilingi 4,200, na supamaketi jirani inauza ile ile kwa 3,800. Wengi wetu hulipa tu, ama tunapanda matatu kwenda kule kwingine. Sisi tunaona kuna njia ya tatu: muonyeshe meneja tangazo la bei hiyo kwenye simu, umuulize kama atakuuzia kwa 3,800. Anaweza kukataa, maana halazimishwi. Lakini kuuliza hakulipiwi. Ila uliza kabla ya kuweka PIN; pesa ikishatoka, kuirudisha ni kubembelezana.

Bei ikishuka siku chache baada ya kununua, kuna maduka yanayorudisha tofauti ukienda mapema. Hapo meseji ya malipo pekee haitoshi: inaonyesha siku, duka na jumla, si bidhaa. Tunza risiti, na uipige picha kwa sababu wino hufifia.

Bei ya kwenye rafu ikiwa tofauti na ya keshia, hiyo sasa si hisani unayoomba. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu nafuu ya bei. Dai bei uliyoonyeshwa hapo hapo. Wakikataa, acha bidhaa, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani.

Usione haya foleni ikinung'unika. Hiyo mia nne ni unga na sukari ya nyumbani kwako.