MAMBO YA NYUMBANI: Yaya na Meno ya Plastiki

Mwezi uliopita tuliongea juu ya wakwe wanaokuja kukaa muda mrefu, na wengi mlitusimamisha njiani kutupa maoni. Asanteni sana. Mwezi huu tunaongea juu ya meno. Msicheke. Meno nusura yatuvunjie ukoo.

Yaya wetu alihamishiwa Marekani mwaka 2016 na watoto wake wawili. Tangu afike kule alikuwa anapiga simu kila Jumapili, yeye ametoka kanisani mchana, sisi huku Nyarugusu tumeshamaliza kula na giza limeingia. Miaka minane hakukosa, labda mtandao ukate. Mwaka 2024, mwezi wa tano, akanyamaza.

Jumapili ya kwanza tukasema ni mtandao. Ya pili tukasema ni kazi. Ya tatu mama akaacha kula. Ujumbe mfupi ulikuwa unakuja, "Niko salama, nitapiga," tunamsomea mama, yeye anajibu, "Sitaki maandishi. Nataka sauti ya mtoto wangu."

Jumapili ya nne tukapiga sisi. Akapokea. "Shikamoo mama" yake ikatoka nzito, ulimi unateleza, kama mtu aliyejaza muhogo mdomoni. Mama akauliza, "Mwanangu, umekunywa?" Sisi tukafikiri kiharusi, sababu mjomba wetu kilimwanza hivyo hivyo, na maneno yaliyopinda. Yaya akaanza kulia. Halafu akawasha video, akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu cheupe kama kioo chenye umbo la meno. Watoto wetu wakapiga kelele, "Yaya ametoa meno!"

Kumbe hakulewa wala hakuumwa. Alikuwa anavaa vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno, na alikuwa anaona haya tusimsikie anavyoongea. Ana miaka 38, watoto wake wenyewe wanamcheka. Akaona bora anyamaze mpaka azoee.

Hivi vifuniko ni nini?

Wenyewe kule wanaviita alaina. Zamani meno yakipinda daktari alikuwa anafunga waya na vyuma, na mpaka leo waya zinatumika sana. Vifuniko hivi vilianza kutengenezwa na kampuni moja ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1997. Mmoja wa waanzilishi, Zia Chishti, alikuwa mwanafunzi ambaye naye alinyooshwa meno akiwa mtu mzima. Basi si yaya peke yake aliyechelewa.

Daktari anachukua picha ya meno yote, kompyuta inapanga safari ya kila jino, halafu vinatengenezwa vifuniko vingi, kila kimoja kimepishana kidogo na kilichotangulia. Unavaa kimoja wiki moja au mbili, unaingia kingine. Kila kimoja kinasukuma jino kama robo ya milimita, si zaidi.

Mama akauliza swali ambalo hata sisi tulikuwa nalo: jino la mtu mzima linasukumwaje bila kung'oka? Yaya alielezwa hivi. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi nyembamba sana. Ukilisukuma polepole, mfupa wa upande mmoja unaliwa kidogo kidogo, na upande wa nyuma yake mfupa mpya unajengwa. Kwa mtu mzima inawezekana pia, ila kwanza fizi na mfupa viwe na afya. Mwenye fizi zinazooza anatibiwa fizi kwanza.

Maneno ya pesa

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mdogo wetu wa kiume aliuliza bei. Yaya akasema ni dola elfu kadhaa, analipa kidogo kidogo kila mwezi, na ndiyo maana pesa aliyokuwa anatuma imepungua.

Jamani, mnajua hali yetu. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa hata ukafika nusu, na pesa ya yaya ndiyo iliyotuvusha. Mdogo wetu alikuwa ameanza biashara ndogo ya sabuni kwa pesa hiyo hiyo. Akasema, "Sisi tunatafuta cha kutafuna, yeye anatafuta meno mazuri." Na sisi, wenye kuwashauri ninyi kila mwezi, usiku ule tulituma ujumbe ambao hatuwezi kuuandika hapa. Tunaona haya mpaka leo.

Yaya hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akatuma picha ya mdomo wake wa ndani, na maneno machache: "Mnakumbuka gego langu?"

Tulikumbuka. Akiwa na miaka 14 aling'olewa gego la chini hapa hapa kambini, lilikuwa limeoza na uso umevimba. Lilitakiwa kung'olewa, hakuna wa kulaumiwa. Lakini pale lilipotoka pakabaki wazi miaka zaidi ya ishirini. Meno ya jirani yanapoona nafasi, yanalala upande ule, kama nyumba za matope zinapoondolewa nguzo. La juu nalo linashuka. Chakula kikawa kinakwama kila siku, mswaki haufiki, fizi zinatoka damu, na jino la pili likaanza kutikisika. Daktari alimwambia meno yaliyolala yakinyanyuliwa yatasafishika, yakiachwa atapoteza mengine. Yaani hakuwa anatafuta urembo. Alikuwa anaokoa yaliyobaki. Hakutuambia sababu aliogopa tutasema vile vile tulivyosema.

Kuzoea

Tangu siku ile akawa anatueleza kila Jumapili, na sisi tunaandika, tukijua siku moja mtapenda kusoma.

Siku mbili tatu za kwanza za kila kifuniko kipya meno yanauma, kama umetafuna mua mgumu mchana kutwa. Halafu maumivu yanapungua. Yeye akawa anabadilisha usiku kabla ya kulala, ili maumivu makali yapite amelala. Mate yanajaa sababu mdomo unafikiri umepewa chakula. Ukingo wa plastiki unakwaruza ulimi, daktari akamwonyesha kuulainisha kwa tupa ndogo ya kucha. Juu ya meno kadhaa walibandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili kifuniko kishike.

Kubwa ni saa. Vinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 mpaka 22 kwa siku. Unatoa kwa kula na kupiga mswaki tu. Ukivaa huku unakunywa chai, inaacha rangi, sukari inajifungia ndani na meno yanaoza. Chai ya moto inaweza pia kupinda plastiki. Ruhusa ni maji ya kawaida peke yake. Sasa fikiria yaya wetu, mtu wa chai asubuhi, mchana na jioni! Alituambia wiki ya kwanza alikosa chai kuliko alivyokosa nyumbani.

Kazini kwake mapumziko ya kula ni nusu saa. Siku moja alitoa kifuniko, akakifunga kwenye karatasi ya kujifutia, akaweka mezani. Mwenzake akasafisha meza. Yaya alivaa glavu akachakura pipa lote la takataka mpaka akakipata, wenzake wanamtazama. Tangu siku ile kisanduku chake hakimtoki mfukoni.

Lakini kigumu kupita vyote ni ugenini. Ninyi mnajua kwetu mgeni akikataa chakula ni vita. Alienda kuwatembelea watu wa kwetu mji jirani, wakaleta ugali na sombe, yeye akasema ameshiba sababu alikuwa anaona haya kutoa plastiki mbele ya watu. Mwenye nyumba alinuna. Wakaanza kusema Marekani imemharibu, anaringa. Mara ya pili alijikaza. Alipoona sahani inakuja akasema kwa sauti, "Nisubirini nivue meno yangu." Nyumba nzima ikacheka, akanawa mikono, akala kama wengine.

Mwalimu wa sauti

Ulimi ndio ulikuwa bado. Herufi S, Z na SH zilikuwa zinamtoroka. Aliyemsaidia hakuwa daktari wa Marekani, alikuwa baba mkubwa wetu, mzee wa hapa hapa kambini, anayevaa meno ya bandia ya mbele.

Mzee akaomba simu. Akamwambia, "Mwanangu, hata mimi walinicheka. Sikuongea kanisani mwezi mzima. Ulimi ni mtoto, umepewa nyumba mpya, unagonga kuta. Usiufiche, utembeze." Akampa kazi ya kuhesabu kwa sauti kila jioni: sitini na sita, sitini na saba, sabini na sita, sabini na saba. Na kusoma kitabu kwa sauti, polepole. Jumapili zilizofuata wakawa wanahesabu pamoja, mzee na meno yake huku, yaya na plastiki yake kule, watoto wanafuata kwa kucheka. Baada ya wiki mbili hivi hatukusikia tena tofauti. Tukajiuliza, angepiga simu tangu Jumapili ya kwanza, si angezoea mapema zaidi? Alijificha kwa watu ambao wangemzoeza.

Na mwanya?

Mama alikuwa na hofu moja iliyobaki. Yaya ana mwanya wa juu, mwanya wa bibi yetu, ndio uliomwimbisha shemeji. Mama akasema, "Wanyooshe yote, lakini mwanya wasiuguse." Yaya akamuuliza daktari. Daktari akacheka, akasema inawezekana, unapangwa tangu mwanzo kwamba pale pabaki wazi. Mwaka 2025 safari ya vifuniko ilimalizika, miezi kumi na minne. Meno yaliyolala yamesimama, pengo la gego linasubiri jino la bandia akipata uwezo, na mwanya upo. Usiku bado anavaa kifuniko cha kushikilia, na ameambiwa ataendelea nacho miaka mingi, maana meno yana kumbukumbu, ukiyaacha yanarudi yalikokuwa.

Na sisi wa hapa?

Hayo ya dola hatuna. Lakini yapo tuliyojifunza ya bure.

Kwanza, jino linalouma lisisubiri mpaka liwe la kung'oa. Nenda kituo cha afya mapema. Hata magego ya utoto yanashika nafasi. Yakitoka kabla ya wakati, la ukubwani linaweza kukosa njia na kuota limepinda. Mtoto ana meno 20, mtu mzima ana 32 akihesabu ya mwisho ya nyuma, na hakuna la ziada la kupoteza.

Pili, mswaki mara mbili kwa siku, na dawa yenye floraidi. Usiku usiache. Wengi wetu tumetoka Fizi, basi fizi za mdomo zisitushinde kutunza.

Tatu, vijana tunawaomba sana: msifunge meno kwa mpira wala uzi ili kuziba mwanya au kunyoosha. Mpira unateleza, unaingia chini ya fizi bila kuonekana, unakula mfupa, na meno mazima yanaweza kung'oka. Nguvu ya kusukuma jino inapimwa na daktari.

Nne, mwenye meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yatoe usiku, yasafishe, yaweke kwenye maji safi yasiyo ya moto. Na ongea. Hesabu sitini na sita.

Tano, hii ni yetu sote wenye ndugu waliohamia mbali. Akinyamaza, uliza kabla ya kuhukumu. Akipunguza pesa, uliza ana nini kabla ya kuandika ujumbe wa usiku. Na ninyi mlioko kule, mkiusomewa ukurasa huu, tuambieni ukweli hata kama utatuuma. Mdogo wetu bado ananung'unika kidogo, sabuni ilisimama miezi mitano, hatutawadanganya. Lakini ndiye aliyemwomba yaya radhi wa kwanza, kabla yetu. Baba mkubwa alisikiliza yote akasema tu, "Meno ya mbwa hayaumani," akavua ya kwake akaenda kulala.

Mwezi ujao tutaongea juu ya mtoto anayekataa shule. Mwenye la kusema atukute nyumbani, mlango uko wazi.

Ni sisi wenu wa Mambo ya Nyumbani.