CD za programu: nakili kwanza, utupe baadaye

Hoja iliyochapishwa majuzi, kwamba kunakili CD za kusakinishia programu kwenye diski ngumu ni kupoteza muda kwa kuwa "kila kitu kipo mtandaoni", inavutia mpaka uulize kipo kwa hisani ya nani.

Mwishoni mwa 2012 Adobe ilizima seva za kuhakiki leseni za Creative Suite 2. Wateja waliolipia programu hiyo walibaki kutegemea kampuni iwape toleo jingine lisilohitaji uhakiki. Safari hiyo iliwapa. Ingegoma je?

Tena tangu MacBook Air ya 2008, kompyuta zisizo na mahali pa kuingizia CD zimezidi kuongezeka. Nafasi nayo si tatizo: DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, diski ya TB 1 inameza zaidi ya 200. Gharama anayoililia mwandishi wa hoja hiyo iko wapi?

Ana haki mahali pamoja: michezo iliyofungwa kwa SafeDisc, ulinzi wa kuzuia kunakili. Windows 10 ya 2015 iliukataa ulinzi huo, na nakala peke yake haiponyi.

Ila anaposema kunakili ni kuburuta mafaili tu, anapotosha. Ukiburuta, sehemu ya kuwashia kompyuta huachwa nyuma. Tengeneza faili la ISO, ambalo Windows hulifungua yenyewe tangu toleo la 8, kisha andika kando yake namba ya leseni iliyobandikwa kwenye kasha. Bila namba hiyo, usakinishaji wa programu nyingi hukwama katikati.

Wenye droo zilizojaa CD wasizitupe kabla ya kufanya hivyo.