Bundi na Washitaki Wake

Yuko mshitakiwa mmoja katika nchi yetu ambaye hukumu yake hutolewa kabla ya shitaka kusomwa. Hana wakili, hana shahidi, wala haulizwi neno. Akionekana juu ya paa hupigwa mawe. Akitaga katika tundu la mti, tundu lake hutiwa moto. Akilia usiku, mwenye nyumba hutoka na kijinga kumfukuza. Mshitakiwa huyo ni bundi. Shitaka lake ni kuwa huleta mauti au, kwa maneno ya wale wanaopenda kumhurumia kidogo, hutangaza mauti yanayokuja. Mimi nasema, msomaji, ya kuwa shitaka hili ni la uongo, na kuwa uongo wake waweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye midomo ya kupigia mluzi na saa moja ya subira. Nasema pia kuwa uongo huu si masimulizi matupu ya jikoni. Una gharama, na gharama hiyo hulipwa ghalani.

Lugha yetu yenyewe imekaa upande wa washitaki. Neno ndege katika Kiswahili cha wazee halikuwa jina la kiumbe mwenye mbawa tu. Lilikuwa pia jina la dalili. Msafiri aliyekutana na jambo jema njiani alisema amepata ndege njema, na aliyekutana na jambo la kutisha alirudi nyumbani kwa sababu ya ndege mbaya. Basi bundi aliingia barazani na jina lililokwisha kutiwa doa. Wala tusidhani kuwa jambo hili ni letu peke yetu. Asomaye tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, ataona ndege wa usiku akitajwa miongoni mwa dalili zilizotangulia kuuawa kwa Kaisari, kwa kuwa alikaa sokoni mchana akilia. Lakini Wayunani wa Athens walimfanya bundi huyo huyo kuwa ndege wa mungu wao wa hekima, wakapiga sura yake katika sarafu zao za fedha. Sauti ni ile ile na macho ni yale yale. Mji mmoja ukasikia kifo, mji wa pili ukasikia hekima. Je, ndege ndiye aliyesema maneno hayo mawili, au ni masikio ya wasikilizaji?

Njia ya kukata shauri ni kwenda kumsikiliza mwenyewe, na kwa kazi hiyo sijui mahali panapofaa kuliko Isiolo. Ukitoka mji wa Isiolo kwa barabara ya Moyale, kabla ya kuufikia mto wa Ewaso Ng'iro, iko hifadhi ya Buffalo Springs, iliyo chini ya serikali ya kaunti. Nchi yote pale ni kavu: mawe, vumbi, na migunga iliyotandaza matawi yake kama miavuli. Kisha, katikati ya ukame huo, maji safi hububujika kutoka chini ya ardhi, yakafanya vijito, na vijito vikafanya kinamasi chenye nyasi ndefu za kijani, na mikoma imesimama kando yake. Kila kitu chenye kiu huja hapo. Panya huja kwa mbegu za nyasi, panzi na nondo huja kwa majani, vyura huja kwa maji. Na palipo na panya, nondo na vyura, bundi hawakosi.

Jua katika nchi iliyo karibu na mstari wa Ikweta haliagi kwa muda mrefu. Likizama, una kama nusu saa hivi ya utusitusi, na hiyo ndiyo saa yako. Usiende peke yako wala usiukaribie ukingo wa maji kwa miguu, maana nyati na ndovu wana haki yao pale, na mamba hana masihara. Simama kambini, mahali alipokuruhusu askari wa wanyama, na kinamasi kiwe mbele yako. Nyamaza kwanza. Mtu anayeanza kuita kabla ya kusikiliza ni kama mgeni anayepiga hodi huku anazungumza.

Kisha piga mluzi. Mwige bundi mdogo mwenye madoa meupe kama lulu, ambaye wataalamu humwita Glaucidium perlatum. Urefu wake haupiti shubiri moja ya mtu mzima, na kisogoni ana mabaka mawili meusi yanayofanana na macho, hata anayemnyemelea kwa nyuma hudhani ametazamwa. Mluzi wake huanza chini, hupanda kidogo kidogo kwa haraka, halafu hufuatwa na miluzi mirefu inayoteremka. Ni wimbo mwepesi kwa midomo ya binadamu. Uige mara mbili au tatu, kisha ungoje. Aghalabu utasikia jibu kutoka mgunga wa mbali. Ukijibu, sauti itakuwa karibu zaidi. Na mara, katika tawi lililo juu ya kichwa chako, kitakaa kijitu kidogo chenye macho ya manjano, kikitikisa mkia kwa hasira na kukutafuta. Ikiwa nuru haijakwisha, hutakuwa wewe peke yako uliyemwita. Chozi, shore na ndege wengine wadogo watakusanyika wamzunguke na kumkemea. Hao wanamchukia kwa sababu ya kweli: huwala.

Giza likizidi, utamsikia mwingine mdogo, mwenye rangi ya gome la mti, akitoa sauti fupi ya kukwaruza kama ya mdudu, akanyamaza sekunde chache, akarudia vile vile, bila kuchoka. Na katika migunga mikubwa iliyo kandokando ya maji hukaa jitu la ukoo huu, Bubo lacteus, bundi mkubwa kuliko wote wa Afrika. Kope zake za juu zina rangi ya waridi, jambo linalompa sura ya bibi aliyejipamba. Lakini sauti yake ni mguno mzito, kama wa mzee aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Chakula chake ni kalunguyeye, sungura, na ndege walio wakubwa kama kanga. Akinguruma upande huu wa kinamasi, mara nyingi mwenzake humjibu upande wa pili.

Sasa fikiri, msomaji, umeona nini. Ulipiga mluzi, bundi akaja. Kwa nini alikuja? Alisikia kile alichodhani ni bundi mgeni aliyeingia katika mipaka yake, akaja kumwambia aondoke. Kilio chake maana yake ni hii: hapa pana mwenyewe. Na wakati mwingine maana yake ni kuita mke, au kumjulisha mwenzake alipo. Ni maneno ya bundi kwa bundi, juu ya shamba na ndoa, mambo yale yale yanayojaza mabaraza yetu ya kijiji. Lakini mshitaki anayesema kuwa kilio kile ni tangazo la mauti, hana budi kukubali jambo la ajabu: ya kuwa mwanafunzi mwenye midomo mizuri aweza kusimama kambini na kuamuru mauti yatangazwe mara tano kabla ya chakula cha jioni. Na ikiwa matangazo hayo matano ni ya kweli, wafu watano wako wapi? Kinamasi kile huwa na vilio kila usiku wa mwaka. Kama kila kilio kingekuwa na maiti yake, Isiolo isingalibakiwa na mtu wa kuwaogopa bundi.

Najua jibu litakalotolewa. Mtu atasema: "Maneno yako ni ya kitabuni. Bundi alilia juu ya nyumba ya amu yangu, na amu alikufa siku ya pili." Simwiti mtu huyo mwongo. Namuuliza maswali mawili tu. La kwanza: katika nyumba yenye mgonjwa mahututi, ni nani analala? Taa huwaka hadi alfajiri, watu hukaa kimya, masikio yote yamefunguka. Taa huvuta nondo na mbawakawa, na wadudu hao huvuta bundi. Bundi hakumfuata mgonjwa. Alifuata taa, na safari hii walikuwapo watu macho wa kumsikia. La pili: ni mara ngapi bundi alilia juu ya nyumba ile katika miaka yote ambayo amu alikuwa mzima? Hakuna aliyehesabu. Usiku ambao bundi alilia na kukapambazuka salama hausimuliwi. Hiyo ni mizani yenye kitanga kimoja, na hakuna mwenye duka ambaye angekubaliwa kuuza sukari kwa mizani ya namna hiyo.

Wengine husema ni mchawi kwa kuwa huruka bila kusikika na huona gizani. Mambo haya mawili ni kweli, na sababu zake zimejulikana. Unyoya wa mbele wa bawa lake una ukingo wenye meno kama kitana, na manyoya yake ni laini juu, hivyo upepo hupasuliwa vipande vidogo usipige kelele. Na yule bundi wa ghalani mwenye uso mweupe kama moyo uliochorwa hahitaji hata kuona. Mwaka 1971 mtaalamu Roger Payne alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kuwa bundi huyo, akifungiwa katika chumba chenye giza tupu, hukamata panya kwa kusikia tu. Sikio lake moja limekaa juu kuliko la pili, kwa hiyo hupima sauti kwa juu na chini kama sisi tupimavyo kwa kushoto na kulia. Anayekiita kipaji hiki uchawi na amwite fundi wa saa mchawi pia.

Nimesema kuwa uongo huu una gharama. Mpiga mawe akifanikiwa, anasherehekea nini? Amemuua mlinzi aliyefanya kazi usiku kucha bila mshahara. Bundi wa ghalani hulisha makinda yake panya kwa mamia. Kamwulize mwenye duka, au mama aliyeweka gunia la mahindi ya kungojea ukame, panya wamemla kiasi gani. Kisha huyo huyo hununua sumu. Panya aliyekula sumu nyingi za dukani hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na bundi aliyesalia humkamata kwa urahisi, akafa yeye pia. Wenzetu wamefanya kinyume. Katika Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwatundikia bundi masanduku ya kutagia. Katika Israeli wakulima wamefanya hivyo tangu miaka ya 1980, na baadaye wakulima wa Jordan, ambao kwao pia bundi ni ndege wa nuksi, waliingia katika kazi hiyo. Nuksi ilikuwa nyepesi kuliko mavuno yaliyookolewa.

Nina neno pia kwa rafiki wa bundi, maana si kila mpenzi ni mwema. Siku hizi simu hubeba sauti za ndege wote wa Afrika, na wako watazamaji wanaofungulia sauti hiyo kwa nguvu kwa muda wa nusu saa nzima ili wapate picha. Mluzi wa midomo huchoka. Mashine haichoki, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ndege yule anadhani adui hataki kuondoka. Anaacha kuwinda, anaacha mayai, anajionyesha kwa wanaomla. Ita mara chache, ukijibiwa nyamaza. Na wakati wa makinda usiite kabisa. Ukaidi wa mtazamaji huyu na jiwe la mpiga mawe ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili wanadhani bundi yupo kwa ajili yao.

Hatimaye nitaambiwa kuwa nawavunjia wazee heshima. Shitaka hili ndilo zito, nami nalijibu kwa kutaja wazee wa kaskazini hiyo hiyo. Waborana, ambao Isiolo ni mji wao pia, wamesema tangu zamani kuwa yuko ndege mdogo anayewaongoza watu hadi kwenye asali, na kuwa mwendo na milio yake huonyesha upande na umbali wa nyuki. Humwita kwa mluzi mkali wanaoupiga kwa ngumi zilizofumbatwa, au kwa kokwa la mkoma lililotobolewa, unaosikika zaidi ya kilomita moja. Wageni waliweza kusema kuwa hiyo nayo ni hekaya. Hussein Isack, mtaalamu Mkenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, wakawafuata warina asali hao kaskazini mwa Kenya kwa muda wa miaka mitatu, wakipima saa na hatua. Mwaka 1989 walitangaza matokeo: bila ndege, kutafuta mzinga kulichukua kwa wastani karibu saa 9, kwa kuongozwa na ndege, saa 3 na dakika chache. Wazee walikuwa wamesema kweli, na kweli yao ikaandikwa mbele ya dunia nzima.

Wale walipeleka neno lao kwenye kipimo, wala hawakuona kuwa wamedharauliwa. Basi anayedai kuwa bundi hutangaza mauti naye na aje Buffalo Springs jua linapozama, asimame na daftari, apige mluzi, aandike kila jibu atakalolisikia kutoka kinamasini. Na asubuhi aende mjini kuhesabu misiba.