Mtoto, simu na kiota cha chozi

Mtoto anaomba simu. Safari hii si gemu wala katuni: kuna ndege mdogo anayeng'aa kwenye mshubiri nyuma ya jiko, na anataka kumpiga picha. Wazazi wa Mbulu na Hanang wanalijua ombi hili, hasa lile gugu lenye maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina kama pete likichanua pembezoni mwa shamba. Apewe. Mkono ulioshika simu umeweka manati chini, na hiyo ni faida tosha.

Ndege mwenyewe ni chozi. (Jina ni lile lile la chozi la jichoni, na watoto hawaachi kulicheka.) Yule wa kwenye video, anayesimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma, ni wa bara la Amerika, Afrika hayupo. Chozi kwa kawaida hutua kwanza, akashika kikonyo, ndipo akaingiza mdomo wake uliopinda. Kwa mwenye simu ya kawaida, hiyo ni bahati.

Hata hivyo hatulii. Mtoto akivuta picha karibu kwa vidole, inatoka ukungu mtupu. Baada ya siku mbili anagundua mahali ambapo chozi hahami: kiota. Kinaning'inia kwenye tawi karibu na kibaraza, kama kifuko cha majani makavu kilichoshonwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni. Hapo ndipo hatari ilipo, na mara nyingi anayeileta si mtoto. Ni mzazi anayetaka picha ya stetasi: "Mwanangu, hebu toa hilo jani, halionyeshi vizuri."

Jani lile ndilo paa. Likiondolewa, jua na mvua vinapiga kiota moja kwa moja, na kunguru aliyepita hapo wiki nzima bila kuona kitu sasa anaona. Mayai ni moja au mawili, na anayeyaatamia ni jike peke yake. Mtu akisimama karibu na simu dakika kumi, jike anakaa mbali akingoja, na kwa baridi ya asubuhi ya Mbulu mayai hayachelewi kupoa. Akisumbuliwa mara kwa mara anaweza kukiacha kiota kabisa. Mtoto ataamka akute kimya, wala hatajua kwamba ni picha iliyofanya hivyo.

Kwa hiyo picha ipigwe kwenye maua. Chozi hurudi kwenye ua lile lile, kwa sababu utamu ulionyonywa hujaa tena. Wengine hata hulinda maua yao. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha waliyoyaona kwa chozi wa mabawa ya dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, Kenya: eneo la ndege mmoja laweza kuwa dogo au kubwa mara nyingi zaidi ya la mwenzake, lakini maua ndani yake hukaribia idadi ile ile, kiasi cha 1,600, chakula cha siku moja. Akiingia mgeni, anafukuzwa. Mtoto akikaa kimya nusu saa ataona ugomvi huo mwenyewe.

Simu iegemezwe kwenye tofali, hatua moja kutoka kwenye ua, ikirekodi video. Mtoto arudi kibarazani. Baadaye atachagua picha moja humo. Jua liwe nyuma ya simu: rangi ya dume hutokana na namna manyoya yanavyorudisha mwanga, na kivulini ndege yule yule huonekana mweusi tu.

"Mama, mbona jana alikuwa kijani na leo ni mweusi?"

"Angalia jua liko wapi."

Chupa za maji ya sukari zinazoonekana mtandaoni hazina haja. Maji yale huchacha, na mshubiri mmoja au mgomba uliotoa ua unatosha.

Na kama kiota kimeshaonekana, kitazamwe kutoka dirishani, ndani ya nyumba. Makinda hukaa humo wiki mbili hadi tatu. Wakisharuka na jike akiacha kurudi, mtoto anaweza kusogea na simu yake, achungulie mlangoni, na ahesabu nyuzi za buibui.