Mama wa sombe asilipie banki zilizofungwa

Watu wa Goma, tusemezane ukweli.

Tangu banki zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, franga zimekuwa haba mjini. Noti zinazobakia zimechakaa na wengi wanazikataa. Ndiyo maana leo hata mama wa sombe pale soko ya Virunga anaambiwa: « Mama, nakutumia ku telefone. »

Kuna wanaoita hayo maendeleo. Sisi vijana tunauliza: maendeleo ya nani? Mama akipokea ku telefone, makala na mafuta bado ananunua kwa franga mkononi. Anaenda ku kabini, anatoa feza, anakatwa. Faida ya sombe inabaki kule.

Hatukatai telefone. Inamlinda mama na wezi wa njiani. Lakini tunadai:
– makato yaandikwe wazi mbele ya kila kabini;
– mwenye franga, hata kuukuu, asikataliwe;
– mama asilazimishwe na mtu.

Na sisi wanunuzi tuanze leo: ukilipa ku telefone, ongeza makato ya kutoa. Ni franga kidogo kwako, lakini kwake ni chumvi ya watoto.