Baba na mwana katika uwanja mmoja

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Msemo huu twautumia tumwonapo mtoto wa seremala ameshika randa, au mtoto wa mvuvi akiusoma upepo kabla ya kuambiwa. Twausema kwa furaha, na mara nyingi twaishia hapo, bila ya kujiuliza maji hayo yamepita kwenye mawe gani. Wiki hii tumeona tuwaletee wasomaji wetu habari za nyumba moja ya Marekani iliyotoa baba na mwana katika mchezo mmoja. Tunaamini kwamba mzazi yeyote mwenye kijana anayekaribia utu uzima atajiona ndani yake.

Mchezo wenyewe ni besiboli, ambao wengi wetu hatuufahamu. Yatosha kusema hivi: mrushaji huutupa mpira kwa kasi kubwa, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Akiupiga ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja, huvizunguka vituo vyote bila ya bughudha, na huo ndio mpigo unaoshangiliwa kuliko yote. Timu pinzani nayo huweka walinzi watatu nyuma kabisa, upande wa ukuta huo, kazi yao kuukimbilia mpira ulio hewani na kuudaka kabla haujagusa ardhi. Baba na mwana tunaowazungumzia wote wawili walikuwa walinzi wa huko nyuma.

Baba ni Ken Griffey, aliyezaliwa mwaka 1950 katika mji mdogo wa Donora, jimbo la Pennsylvania, uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya chuma. Baba yake mzazi aliihama nyumba Ken akiwa mdogo, naye akalelewa na mama. Mwaka 1969 klabu ya Cincinnati Reds ilimchagua katika duru ya 29, yaani baada ya mamia ya vijana wengine kwisha kuitwa. Novemba ya mwaka huo huo akapata mtoto wa kiume, akampa jina lake. Kutoka mkiani huko, Griffey alipanda hadi akawa mmoja wa nguzo za timu iliyotwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1975 na 1976.

Mtoto akakua akimwona baba yake uwanjani. Ilipofika 1987, naye angali na miaka 17, klabu ya Seattle Mariners ilimchagua wa kwanza kabisa katika nchi nzima. Baba aliitwa baada ya mamia ya wengine, mwana akaitwa kabla ya wote. Lau hadithi ingekomea hapo, msemo wa maji na mkondo ungetosha.

Kijana alipelekwa Bellingham, mji ulio mbali sana na kwao, kuanza katika ngazi ya chini. Huko alikutana na upweke na matusi ya rangi yake. Aliporejea nyumbani, baba alimtaka achangie kodi ya nyumba au atafute pa kuishi. Kwa upande wa baba hilo lilikuwa somo: kijana amekwisha kuanza kulipwa, na ajifunze kujitegemea. Kwa upande wa mwana lilisikika kama kufukuzwa. Uwanjani alikuwa akipigiwa kelele, na nyumbani akapigiwa kelele. Januari 1988, miezi miwili baada ya kutimiza miaka 18, alijaribu kuyakatisha maisha yake.

Alinusurika. Baba alimfuata hospitali, na hata pale kitandani walianza kwa kugombana. Lakini ndipo mahali walipoanza pia kusemezana. Mwaka 1992, akiwa tayari nyota, mwana aliyasimulia haya hadharani kwa hiari yake, ili vijana wengine waliobanwa na dhiki kama ile wasiifuate njia aliyoijaribu yeye.

Ndugu msomaji, hatuisemi habari hii kumlaumu baba. Aliyekua bila ya kumwona baba yake akilea, alilea kwa kadiri alivyojua. Nasi twaujua msemo wa samaki mkunje angali mbichi, na twausema kila tukitaka kuhalalisha ukali wetu. Twasahau kwamba hata samaki mbichi huvunjika akikunjwa na mikono mingi kwa wakati mmoja. Kijana aliyeshinda kutwa akikemewa kazini au shuleni, aingiapo nyumbani hutafuta mahali pa kuweka mzigo chini. Akikuta mzigo mwingine unamngoja mlangoni, tusishangae akinyamaza. Na kunyamaza kwa kijana tusikuite adabu kabla ya kukaa naye na kumuuliza.

Tazameni yaliyofuata. Aprili 1989, akiwa na miaka 19, Griffey mdogo aliingia Ligi Kuu huku baba yake angali anacheza. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo baba na mwana wakawa katika ligi hiyo kwa wakati mmoja. Tarehe 10 Aprili, siku ya kuzaliwa ya baba yake, alisimama kupiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Seattle, na mpira wa kwanza aliorushiwa akauvusha ukuta. Agosti 1990 klabu hiyo ikamsajili baba pia, mzee wa miaka 40 kwa hesabu za mchezo huo. Tarehe 31 mwezi huo walicheza pamoja, wakisimama jirani kule nyuma ya uwanja. Tarehe 14 Septemba, mjini Anaheim, baba aliuvusha mpira ukuta, na mwana akafuatia papo hapo akauvusha wake. Baba na mwana wengine hawajafanya hivyo katika ligi hiyo hadi leo. Haikuwa imetimia hata miaka mitatu tangu ile siku ya hospitali.

Mwana alimpita baba kwa sifa. Alipata tuzo ya glavu ya dhahabu, wanayopewa walinzi bora, mara 10 mfululizo kuanzia 1990. Mwaka 1995 alivunjika kifundo cha mkono akiudaka mpira ukutani, na kabla ya msimu kwisha alikuwa amerudi uwanjani. Mwaka 1997 alivusha ukuta mara 56, akatajwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 2000 alihamia Cincinnati, mji aliokulia, akavaa namba 30 aliyokuwa akiivaa baba yake. Miaka ya huko iliandamwa na majeraha, wala hakuwahi kucheza fainali ya ubingwa ambayo baba yake alishinda mara mbili. Si kila alicho nacho baba hurithiwa.

Hata hivyo, tarehe 20 Juni 2004, Jumapili ambayo Wamarekani huwaadhimisha akina baba, Griffey alivusha ukuta kwa mara ya 500 akiwa St. Louis, na baba yake alikuwapo akitazama. Mpigo huo ulifikisha jumla ya mipigo yake yenye mafanikio 2,143, idadi ile ile aliyostaafu nayo baba. Alipomaliza kuzunguka vituo, alimwendea mzee wake wakakumbatiana.

Alistaafu Juni 2010 akiwa na mipigo 630 iliyovuka ukuta. Mwaka 2016 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli kwa kura 437 kati ya 440. Mwaka huo huo klabu ya Seattle ilimchagua mwanawe, Trey, kwa heshima ya jina. Lakini Trey alikuwa amekwisha kuchagua mpira wa miguu wa Kimarekani, na njia hiyo akaifuata.

Hapo ndipo tuonapo urithi mkubwa wa nyumba hii. Babu aliondoka, baba alibaki, akakosea, akarejea kitandani mwa mwanawe, mwana naye akamwacha mtoto wake achague njia. Basi sisi wenye vijana majumbani, tukiwatakia elimu, kazi na heshima, usiku wa leo tuanze kwa jambo dogo. Tuwaulize siku yao ilikuwaje, kisha tunyamaze tuwasikilize.