Mbegu Tunazozitupa

Siku ya soko mjini Karatina huonekana jambo ambalo macho yetu yamelizoea hata hayalioni tena. Mchuuzi hupasua boga kubwa vipande vipande, kwa kuwa si kila mnunuzi awezaye kulinunua zima. Kisha huukomba utumbo wake, na nyuzi za manjano pamoja na mbegu mia kadhaa, nyeupe na nono, huangukia guniani juu ya maganda ya ndizi na majani makavu ya kabeji. Jioni gunia hilo humwagwa jaani. Mnunuzi naye, akiisha kupata kipande chake, huvuka barabara akaingia dukani, akanunua mkebe wa majarini wa kumpakia mwanawe mkate. Ametoa fedha kununua mafuta, na mafuta ameyaacha nyuma yake katika gunia la taka.

Desturi hii naipinga, wala sitatumia maneno laini. Nyumba iliyo chini ya Mlima Kenya, iwe Nyeri au Nanyuki, Kerugoya au Chuka, yaweza kujitengenezea siagi kwa mbegu ilizo nazo au iwezazo kuzipata karibu: mbegu za maboga ya shambani, alizeti, karanga na ufuta ziletwazo sokoni kutoka nchi za joto, na makadamia zinazoanguka chini ya miti kando ya mikahawa ya Embu, Meru na Kirinyaga. Vyombo vinavyotakiwa ni kikaango, ungo, na kinu au jiwe la kusagia. Hakuna kinachokosekana. Tunaona haya, basi.

Haya hiyo naijua, maana niliwahi kuwa mtumwa wake. Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mama yangu alinipa mkebe uliofungwa kwa kitambaa, akaniambia, “Mwanangu, kijiko kimoja tu kila asubuhi, usiumalize kwa wiki moja.” Ndani yake mlikuwa na siagi ya mbegu za maboga zilizotwangwa pamoja na karanga, rangi yake ya kijivu yenye kijani kwa mbali, harufu yake ya kupendeza. Siku ya kwanza nilipoufungua mezani, kijana mmoja mwenye majarini akaniuliza kama kwetu hula udongo wa kukandikia ukuta. Meza nzima ikacheka, nami nikacheka pamoja nao, na kicheko changu huniuma hata leo kuliko chao. Usiku nilikwenda nyuma ya bweni nikaumimina mkebe mzima katika shimo la taka. Wakati wa likizo mama aliponiuliza habari zake, nilimwambia ya kwamba wenzangu waliisifu siagi ile na kuimaliza. Akafurahi sana. Muhula uliofuata alinifungia mikebe miwili.

Yule kijana simlaumu. Alisema alivyofundishwa na matangazo na majirani. Lakini lau ningaliijua siku ile historia ya kitu alichokishika mkononi, ningalikuwa na jibu. Majarini ilibuniwa nchini Ufaransa mwaka 1869 na mkemia aliyeitwa Hippolyte Mège-Mouriès, kwa sababu Kaisari Napoleon III alitaka mafuta ya bei ndogo ya kulisha majeshi na maskini waliokuwa hawawezi kununua siagi ya maziwa. Ile ya kwanza ilitengenezwa kwa mafuta ya ng’ombe. Baadaye viwanda vikatumia mafuta ya mimea, vikayagandisha kwa hewa ya haidrojeni. Na miaka mingi ikapita kabla ya kutambulikana ya kwamba mafuta yaliyogandishwa nusunusu kwa njia hiyo huudhuru moyo. Mwaka 1958 au 1968 mzazi aliyempakia mwanawe mkate hakuwa na namna ya kujua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyaomba mataifa yote yayaondoe mafuta ya namna hiyo katika vyakula kufikia mwaka 2023. Sisemi kila mkebe ulio dukani leo una madhara hayo, maana watengenezaji wengi wamebadili njia zao. Nasema ya kwamba chakula kilichobuniwa ili kumfaa maskini wa Ulaya kimekuwa kwetu cheti cha uungwana, na chakula kilichotoka katika mkono wa mama kimekuwa alama ya umaskini. Kichekesho hiki ningalipenda kumsimulia yule kijana.

Wako majirani zetu ambao hawakuingia katika mtego huu. Waacholi na Walango wa kaskazini ya Uganda hukaanga karanga na ufuta, wakavisaga pamoja hata vikawa kitu kizito, laini, kiitwacho odii, wakakitia katika mboga kama malakwang na boyo. Hawakifichi mgeni akija. Anayetoka huko kwenda kufanya kazi Kampala hupelekewa odii na watu wa nyumbani, naye huipokea kama zawadi. Haimimini nyuma ya bweni.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajapata kuifanya hata mara moja. Mbegu za boga huoshwa zitoke utelezi na nyuzi, kisha huanikwa siku kadhaa mpaka ganda livunjike kwa mlio likipindwa. Katika mwezi wa Julai, ukungu ukiufunika mji wa Nyeri kutwa kucha, jua halitoshi. Sinia huwekwa karibu na meko, na mwenye nyumba huzigeuzageuza. Zikiisha kukauka hukaangwa kwa moto mdogo bila mafuta na bila kuacha kukoroga, maana mbegu iliyoungua huufanya mkebe wote kuwa mchungu. Zikianza kualika na kunukia huepuliwa zipoe, zikatwangwa kidogo, zikapepetwa kwa ungo. Sitaficha ya kwamba boga letu la kienyeji lina mbegu yenye ganda gumu, na kulitoa lote kwa mkono kwachosha. Mama hakulitoa lote, na ndiyo maana siagi yake ilikwaruza ulimi kidogo. Kwa karanga kazi ni nyepesi: zikiisha kukaangwa, husuguliwa kwa viganja, na ngozi yake nyekundu hupeperushwa na upepo.

Halafu huja kusaga, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Mbegu hugeuka kwanza kuwa unga. Ukiendelea, unga hushikamana ukawa madonge makavu yasiyopendeza, na mtu asiyejua hudhani ameharibu kazi, akatia maji. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote: maji huifanya siagi kuwa ngumu kama udongo, na baada ya siku chache huleta kuvu. Asiyetia maji, akaendelea kusaga, hulipwa. Mafuta ya mbegu hukaa ndani ya vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Jiwe huvunja kuta za vijumba hivyo, na joto la msuguano huyalainisha mafuta hata yakatiririka. Kwa dakika chache tu madonge yale hung’aa, hulegea, yakawa siagi. Karanga ni karibu nusu ya uzito wake mafuta, na karibu robo ni protini. Makadamia ni kiasi cha robo tatu mafuta, kwa hiyo ikisagwa humwagika kama uji. Chumvi kidogo yatosha. Hutiwa katika chupa kavu yenye kifuniko. Mafuta yakipanda juu baada ya siku mbili tatu, yasimwagwe, yakorogwe tu. Na msomaji akiisha kuipenda siagi ya alizeti hata akaitia katika keki yenye magadi, asishtuke akiikata kesho yake akaiona ya kijani ndani. Ni kemia ya alizeti na magadi, wala haina dhara.

Lakini si kila mbegu yafaa kuliwa. Alizeti na mahindi yauzwayo kwa ajili ya kupanda aghalabu hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, na mara nyingi hutiwa rangi ili mtu asikosee. Hizo zisifike jikoni kabisa. Mbarika nayo, ambayo wazee wetu walijipaka mafuta yake mwilini, ina sumu kali katika mbegu yake. Mtu asije akasema nilimwambia asage kila kitu.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ambayo naiheshimu, nayo ni ya sumukuvu, ile waiitayo wataalamu aflatoksini. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Walipochunguza chakula chao, wataalamu wakakuta kilikuwa na karanga zilizotoka Brazili, zenye sumu iliyoachwa na kuvu. Kwetu Kenya mwaka 2004, katika wilaya za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Sumu hii huharibu ini. Moto wa kikaango hauiondoi yote. Basi, husema wapinzani, si afadhali kununua chupa ya kiwandani iliyopimwa?

Nami nauliza: iliyopimwa na nani, na lini? Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku siagi za karanga za majina kadhaa yaliyojulikana, kwa kuwa zilikutwa na sumukuvu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Chupa hizo zilikuwa na picha nzuri na muhuri. Kiwanda chenye uaminifu kina mashine za kuchambua na maabara, nami nakisifu. Lakini mlaji aliyeshika chupa hawezi kuona kilichoingia ndani yake. Nyumba haina maabara, ina macho na subira. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu au yenye unga wa kuvu ndiyo aghalabu ibebayo sumu, na kuzitoa hizo moja moja kabla ya kukaanga hupunguza sehemu kubwa ya hatari. Haimalizi hatari yote, maana yako mabaya yasiyoonekana. Kwa hiyo yafaa mtu anunue karanga zilizokaushwa vizuri, akipata zilizo ndani ya maganda ni heri, azihifadhi mahali pakavu, asage kidogo kidogo za kutumia kwa muda mfupi. Na zile zilizokwisha kusagwa, ziuzwazo kwa kipimo, aziache pale pale zilipo. Tena asiwape kuku zile alizozitenga. Azichome.

Uchambuzi huo ndio sehemu ya kazi ninayoitaka ifanywe na wavulana. Nimewasikia wakisema ya kwamba kusaga ni kazi ya dada zao. Mkono uwezao kushika kalamu saa tatu waweza kuchambua karanga nusu saa. Na mwanafunzi asomaye habari za seli na mafuta darasani, kisha akaona haya kuyatazama mafuta hayo yakitoka chini ya jiwe, simwelewi anasomea nini.

Wengine hunijibu ya kwamba mbegu zetu zina faida zaidi zikiuzwa nje, na shilingi ikirudi tutanunua tutakacho. Wazee wa Karatina walikwisha kuliona jambo hili likianza na likimalizika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palijengwa kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, wakulima wakalima kwa bidii. Vita ilipokwisha, mlaji akatoweka, kiwanda kikafungwa. Makadamia nayo ina hadithi yake. Mwaka 2009 serikali ilikataza zisisafirishwe nje zikiwa na maganda, ili kazi ya kuzibangua ibaki hapa nchini. Jambo jema. Walakini mwaka 2022 na 2023, masoko ya ng’ambo yalipolegea, bei iliporomoka na vilio vikasikika toka Meru hadi Murang’a. Nauliza tu: kati ya nyumba zilizolia, ni ngapi zilizokuwa zimewahi kuisaga mbegu hiyo na kuila? Mti umesimama uani, mtoto anakula mkate mkavu, na baba anangoja simu ya dalali. Auze, ndiyo, lakini debe moja libaki jikoni.

Mama yangu sasa ni mzee, na mikono yake haiwezi tena kazi ya jiwe. Jiwe lenyewe nililikuta likizuia mlango wa ghala usipigwe na upepo. Jumamosi iliyopita nililiosha, nikalirudisha jikoni, nikamwita mwanangu ambaye yuko kidato cha pili. Tulichambua, tukakaanga, akasaga hadi jasho likamtoka. Mbegu tuliziunguza kidogo, kwa kuwa wote wawili tulikuwa tukizungumza. Mama alionja kwa ncha ya kidole. Akasema ni chungu. Kisha akaomba kiazi kitamu, akaipaka, akala; na alipokuwa akila akaniuliza kama ni kweli wale wenzangu wa bwenini waliimaliza yote siku ile. Nikamweleza.